Mguu wa kulia wa Jonny Wilkinson

Wiki mbili zilizopita tuliazima mpira wa raga kwa jamaa mmoja wa timu ya chuo, tukaingia uwanjani watu wanne. Wote ni wa maabara, hakuna hata mmoja aliyewahi kuucheza mchezo huo. Lengo letu lilikuwa dogo: kupiga dropu kutoka mita 20, katikati kabisa ya milingoti. Kama huwa unatazama Kenya ikicheza raga ya wachezaji saba, dropu unaijua hata kama jina lake hulijui. Mchezaji anauachia mpira kutoka mikononi, unagusa nyasi, na papo hapo anaupiga. Ndivyo zinavyotafutwa zile pointi mbili za nyongeza baada ya trai, au mguso kama watangazaji wengine wanavyosema. Kwenye runinga inaonekana kazi rahisi tu.

Tulipiga mara 40, kila mtu 10. Ilipita mitatu. Mmoja katika hiyo mitatu uligonga mlingoti kwanza, nami nikaapa kwamba nilikusudia.

Tukiwa tumekaa kwenye nyasi, mwenzetu akatoa simu na kutuonyesha dropu mashuhuri kuliko zote. Sydney, 22 Novemba 2003, fainali ya Kombe la Dunia la raga ya wachezaji 15. Uingereza na Australia zimefungana 17–17, muda wa nyongeza unakaribia kuisha, dakika ya 100. Uingereza wanarusha mpira kutoka pembeni, Lewis Moody anaudaka nyuma ya mstari. Mike Catt anaubeba na kuangushwa. Matt Dawson anapenya katikati mita kadhaa, naye anaangushwa. Nahodha Martin Johnson anauchukua na kusogea nao hatua mbili tatu, si kwa sababu anatafuta njia, bali ili Dawson apate muda wa kuinuka na kurudi mahali pake. Dawson anautupa nyuma kwa namba 10, Jonny Wilkinson. Anauachia, anapiga, unapita katikati ya milingoti. 20–17. Zilibaki sekunde 26.

Sasa jambo lililotufanya tuirudie ile video mara tano: Wilkinson ni mtu wa mguu wa kushoto. Mkwaju ule aliupiga kwa mguu wa kulia. Na katika mechi hiyohiyo alikuwa ameshakosa dropu tatu.

Watu wengi hulijibu swali hili kwa neno moja, kipaji. Mimi nasomea jinsi ubongo unavyoendesha misuli, kwa hiyo neno hilo huniwasha kidogo. Halielezi chochote. Hebu tuone kinachoweza kuelezwa.

Kwanza, namba 10 ni nani? Katika timu ya watu 15, wanane wa mbele hupigania mpira na namba 9 huutoa kwenye vurugu. Namba 10 ndiye mtu wa kwanza kuupokea akiwa na nafasi ya kuchagua: apige pasi, akimbie, aupige mbali au aulenge mlingotini. Wanaomkimbilia wanajua kwamba anachagua, na wanataka kumnyima muda. Katika timu nyingi yeye pia ndiye mpigaji wa penalti (pointi 3) na konvesheni (pointi 2). Trai yenyewe ni pointi 5. Kwa hiyo unaweza kuwa na mechi kama nusu fainali ya mwaka huohuo, Uingereza 24, Ufaransa 7, ambapo pointi zote 24 alizifunga Wilkinson peke yake: penalti tano na dropu tatu.

Milingoti ya raga imeachana mita 5.6, na mwamba wa katikati uko mita 3 kutoka ardhini. Ukisimama mita 40 mbele yake, katikati kabisa, pembe ya nafasi unayoilenga ni digrii 8. Yaani unaruhusiwa kukosea digrii 4 kila upande. Si mbaya. Lakini konvesheni hupigwa kwenye mstari unaopita pale trai ilipofungwa, na trai nyingi hufungwa pembeni. Uwanja ukiwa na upana wa mita 70, mpigaji aliye kwenye mstari wa pembeni yuko mita 35 kutoka usawa wa katikati ya goli. Sheria inamruhusu kurudi nyuma kadiri apendavyo. Arudi mpaka wapi?

Ukikaa karibu, mita 5 tu kutoka mstari wa goli, milingoti inaonekana kama imeshikana: pembe ni digrii 1.3. Ukirudi mita 22 inakuwa digrii 4.1. Ukienda mbali mno nafasi inaanza kusinyaa tena kwa sababu ya umbali. Chukua 37.8 na 32.2, ambazo ni umbali wa kila mlingoti kutoka mstari wa pembeni, zizidishe, tafuta kipeo cha pili: unapata karibu mita 35. Hapo pembe inafika digrii 4.6, na hakuna sehemu nyingine kwenye mstari huo itakayokupa zaidi. Ni swali la zamani sana. Mwanahesabu Mjerumani Regiomontanus aliliuliza mwaka 1471 kwa namna yake, akitaka kujua mtu asimame wapi ili fimbo iliyoning'inizwa juu ionekane ndefu kuliko kwingine kote. Mpigaji wa raga halipigii hesabu, ila akirudi nyuma pembeni ya uwanja miguu yake inamsimamisha karibu na palepale. Na hapo kuna bei ya kulipa. Kutoka pale hadi katikati ya milingoti ni karibu mita 50. Kosa la digrii moja tu linaupeleka mpira kando sentimita 86, na digrii mbili na nusu tayari uko nje.

Dropu ina tatizo lake. Tuseme unauachia mpira kutoka kimo cha sentimita 80. Utachukua sekunde 0.4 kufika chini. Binadamu wa kawaida akiona kitu na kukijibu kwa mwili hutumia karibu sekunde 0.2. Ukitoa hiyo, umebakiwa na muda mfupi sana wa kurekebisha chochote baada ya mpira kuondoka mkononi. Isitoshe, mpira si duara. Ukitua kwa ncha umenyooka, unaruka vizuri. Ukitua umeinama kidogo, unaruka unakotaka wenyewe, na hapo ndipo mikwaju yetu 37 ilipopotelea. Na kumbuka kuna mtu anakukimbilia. Kwa kasi ya mita 7 kwa sekunde, katika hizo sekunde 0.4 amekusogelea karibu mita 3.

Kwa hiyo dropu nzuri haiongozwi kwa macho njiani. Ni amri iliyoandikwa kabla, ikaachiliwa. Nyuma ya kichwa, chini, kuna sehemu ya ubongo iitwayo serebelamu. Ukitoa amri ya kupiga, sehemu hii inakisia matokeo: mguu utajisikiaje, mpira utagusa wapi, mwili utayumba kiasi gani. Halafu inalinganisha kisio na kilichotokea. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo inayosahihisha amri ya safari ijayo. Bila kukosea, serebelamu haina cha kusahihisha. Ndiyo maana mtu anahitaji marudio mengi, na ndiyo maana marudio yasiyo na umakini hayafundishi sana.

Wilkinson alianza marudio hayo akiwa mtoto, na miguu yote miwili. Baadaye alifanya kazi miaka mingi na kocha wa upigaji, Dave Alred. Habari za mazoezi yake zimesimuliwa sana, naye mwenyewe amezisimulia: alibaki uwanjani wenzake walipokwenda kuoga, na hakuondoka mpaka mikwaju ya mwisho imridhishe. Mguu wa kulia haukuwa wa kubahatisha basi. Ulikuwa dhaifu kuliko wa kushoto, lakini ulikuwa umesoma.

Kuna msaada pia ambao mguu mmoja huupa mwingine. Tangu 1894, watafiti wa Yale walipolichunguza, inajulikana kwamba ukifundisha upande mmoja wa mwili, upande wa pili unapata sehemu ya faida bila kufanya lolote. Misuli ya upande ule haijaguswa, kwa hiyo kilichojifunza ni mfumo wa neva. Muulize mtu wa fiziotherapia. Huitumia mbinu hii kwa mgonjwa ambaye mkono wake mmoja uko kwenye plasta.

Na namna ya kurudia ina uzito wake. Mwaka 1979, mwaka aliozaliwa Wilkinson, Shea na Morgan walichapisha jaribio ambalo sisi tunaosoma eneo hili huwa tunafundishwa mapema. Watu walijifunza mienendo mitatu ya mkono. Kundi moja lilirudia wa kwanza mpaka ukaisha, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kundi lingine lilichanganyiwa. Siku ya mazoezi kundi la kwanza lilionekana hodari zaidi. Walipopimwa baadaye, waliochanganyiwa ndio waliokumbuka vizuri. Mazoezi yenye usumbufu yanakuonyesha vibaya leo na kukusaidia kesho. Sisi pale uwanjani tulipiga mikwaju 10 mfululizo kutoka sehemu ileile, tukajisifu kwamba ya mwisho ilikuwa bora. Kumbe.

Kingine ninachokipenda katika habari hii ni Doris. Wilkinson alimbuni kichwani mwanamke wa jina hilo, ameketi jukwaani nyuma ya milingoti, na alipopiga penalti alimlenga yeye, si ile nafasi pana ya mita 5.6. Inachekesha, ila ina mantiki. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walionyesha, kwa watu waliokuwa wakijifunza kuteleza kwenye mashine ya mazoezi, kwamba waliofikiria mwendo wa mashine walijifunza vizuri kuliko waliofikiria miguu yao wenyewe. Ukiuelekeza ubongo kwenye matokeo ya nje, ile amri iliyokwisha andikwa inafanya kazi yake bila kusumbuliwa. Ukianza kuikagua hatua kwa hatua, goti liko wapi, kifundo kimekazwa au la, unaivuruga. Mtaalamu anayebanwa na hofu hufanya hivyohivyo: anarudi kukagua jambo ambalo mwili wake ulishalijua. Sian Beilock na Thomas Carr walilieleza vizuri mwaka 2001 kwa majaribio ya gofu. Doris, kwa maneno mengine, alikuwa anazuia ukaguzi.

Mpaka hapa ni hadithi ya ushindi, na blogu nyingi zingeishia hapa. Lakini maisha ya kazi ya namba 10 huyu yana nusu ya pili, na nadhani ndiyo yenye somo zaidi la kisayansi.

Raga ya wachezaji 15 ilifunguliwa kwa malipo Agosti 1995. Wilkinson alitoka shule mwaka 1997 akaingia moja kwa moja Newcastle, akiwa katika kizazi cha kwanza kuchukua raga kama ajira tangu siku ya kwanza. Aprili 1998 alichezea Uingereza kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 18. Miezi miwili baadaye, Brisbane, alianza mechi kama namba 10 na Australia wakawapiga 76–0. Kijana wa miaka 19. Mwingine angeamua kwamba raga si yake. Yeye aliamua kwamba hajafanya mazoezi ya kutosha, na jibu hilo akalitumia kwa kila swali kwa miaka mingi iliyofuata.

Pia aligoma kujificha. Namba 10 wengi hulindwa na wenzao wasiangushe watu wakubwa. Wilkinson aliwaendea mwenyewe. Piga hesabu: mtu wa kilo 110 anayekimbia mita 7 kwa sekunde amebeba nishati ya karibu juli 2,700. Ni sawa na mtu huyohuyo kukuangukia kutoka mita 2.5, chini kidogo tu ya mwamba wa goli. Bega likisukumwa chini na kichwa kikasukumwa upande wa pili, neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi zinavutika au kubanwa. Mchezaji anahisi moto mkononi, halafu mkono unalegea. Mara moja, hupita. Ikijirudia, si jambo la mzaha tena.

Miezi mitatu baada ya ile dropu ya Sydney, Februari 2004, alifanyiwa upasuaji wa shingo. Kisha yakafuata mengine, moja likimpisha jingine mlangoni: damu kuvilia ndani ya msuli wa mkono, kano za goti, kidole tumbo, kinena, figo kuchanika. Ukiacha ziara ya timu ya Lions mwaka 2005, hakuvaa jezi ya taifa tena mpaka 3 Februari 2007. Siku 1,169. Alipokuwa na miaka 24 alikuwa namba 10 bora duniani, na alipoirudia jezi alikuwa na 27.

Sitasema kila jeraha lililetwa na mazoezi. Kidole tumbo hakijui raga. Magoti na figo huumia kwa kugongwa. Lakini kuna kanuni moja ya mwili ambayo mtu mwenye bidii kupita kiasi huikiuka bila kujua. Ubongo hufaidika na marudio. Kano hufaidika na mapumziko kati ya marudio. Baada ya mazoezi makali, kwa siku moja hadi moja na nusu, kolajeni inayovunjwa ndani ya kano huwa nyingi kuliko inayojengwa. Baada ya hapo ndipo ujenzi unashinda na kano inatoka imara zaidi. Ukirudi kuipakia kabla ya wakati, unaongeza hasara juu ya hasara. Mtu aliyetoka kuumia, anayeona njia pekee ya kupona ni kuongeza bidii, yuko pabaya: dawa anayoijua ndiyo inayomdhoofisha.

Na akili nayo ina hesabu zake. Wilkinson amezungumza hadharani, zaidi ya mara moja, kuhusu wasiwasi na sonona vilivyomwandama, na jinsi kombe lile halikumpa utulivu alioutarajia. Mtu akijiwekea kanuni kwamba haondoki mpaka mkwaju wa mwisho uwe safi kabisa, basi kila siku ina uwezekano wa kutoisha. Wanasaikolojia wa michezo hutofautisha kutaka kufanya vizuri na kushindwa kujisamehe ukikosea. Vyote viwili huitwa bidii na makocha, lakini kile cha pili ndicho kinachoambatana na uchovu na sonona.

Alirudi na kufunga pointi 27 dhidi ya Uskoti siku ile ya Februari 2007, na mwaka huohuo akaipeleka Uingereza fainali nyingine, waliyofungwa 15–6 na Afrika Kusini. Jumla aliichezea Uingereza mechi 91 na kufunga pointi 1,179. Rekodi ya dunia ya pointi za mechi za kimataifa imekwenda kwa Dan Carter wa New Zealand, 1,598. Takwimu hizo utazipata popote, tusiziongezee.

Ninachotaka ukitazame ni Dunedin, Kombe la Dunia la 2011. Uwanja umeezekwa paa, hakuna upepo, na Wilkinson anakosa mikwaju mitano dhidi ya Argentina. Mitano! Mashindano hayo yalikuwa na manung'uniko kuhusu mipira yenyewe, na mambo yakafika mahali ambapo makocha wawili wa Uingereza walisimamishwa na chama chao kwa mechi moja kwa kubadilisha mpira kinyume cha sheria kabla ya konvesheni. Mimi naona jambo hili linaeleza vizuri kile tulichokisema juu. Amri iliyoandikwa kwa maelfu ya marudio imeandikwa kwa mpira wenye tabia fulani. Badilisha tabia hiyo kidogo tu na kisio la serebelamu linakosea. Tena mtaalamu ndiye anayeusikia utofauti huo kwanza. Sisi wanne tungepigia hata nazi tusingeona tofauti.

Kufikia hapo alikuwa ameshahama. Mwaka 2009, mwili ukiwa umechoka, alikwenda Toulon kusini mwa Ufaransa, na Desemba 2011 akaiaga timu ya taifa. Wengi walidhani anakwenda kumalizia siku zake kwenye jua. Mechi za kimataifa zilipomtoka kwenye ratiba, mwili ukapata mapengo ambayo haukuwahi kupewa. Mei 2013, Dublin, Toulon walishinda kombe la Ulaya 16–15 dhidi ya Clermont, na konvesheni yake ndiyo iliyowapitisha mbele. Mwaka uliofuata walilitwaa tena, 23–6 dhidi ya Saracens mjini Cardiff, siku moja kabla hajatimiza miaka 35.

Wiki moja baadaye, 31 Mei 2014, alicheza mechi yake ya mwisho, fainali ya ligi ya Ufaransa dhidi ya Castres. Toulon 18, Castres 10. Pointi 15 kati ya zile 18 zilikuwa zake: penalti nne na, kama ungetarajia, dropu moja.

Sisi tumepewa mpira tena Jumamosi. Safari hii tunachanganya umbali na miguu, na mwenzetu mmoja ameshachagua jina la mwanamke wake wa jukwaani. Anaitwa Mama Pili, na amekaa juu ya tangi la maji.